Kestrel ya Kutu: Fundi wa Nyundo au Fundi wa Faiba?

Jumamosi ile mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, na mbele ya kibanda cha chai cha Glenys, kando ya barabara ya kutoka Ashbourne kwenda Buxton, magari ya michezo ya zamani yalikuwa yamepangwa mstari, yanang'aa utadhani ya wafalme. Yote feki. Tusidanganyane mapema. Hakuna hata moja pale lililozaliwa kwenye kiwanda kilichoandikwa puani mwake. Yalijengwa gerejini, kwenye mabanda ya kondoo, na moja lilijengwa sebuleni wakati mama mwenye nyumba amelazwa hospitali. Lakini ukiwaona wenyewe wamesimama na vikombe vya chai ya maziwa, kofia za ngozi kichwani, utaapa wametoka kushinda mashindano ya dunia jana jioni.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Gia, kama kawaida yake. Jina lake Carlton, wazazi wake walitoka Jamaika, yeye kazaliwa Derby na kuzeekea Derby akitengeneza injini za treni. Ila tangu siku alipotia gia ya nyuma badala ya ya kwanza akailalia meza ya Glenys na vikombe vyake vyote, jina la Carlton lilikufa. Alikuwa ameinua gazeti juu kama hakimu anayetaka kusoma hukumu.

"Sikilizeni, enyi kizazi cha bandia! Mnaikumbuka ile Kestrel, gari la mbio la mwaka hamsini na nane, iliyouzwa mnadani? Ile iliyonunuliwa kwa bei ya kununua mtaa mzima na paka wake?"

"Tunaikumbuka," akasema Jino. "Ulilia."

"Sikulia, nilikuwa na mafua. Basi hiyo Kestrel, imegundulika, ni feki!"

"Toka hapa!"

"Gazeti hili hapa! Wamekwangua rangi, chini wamekuta bati la juzijuzi. Kuna mtu kaijenga, na huyo mtu hajulikani. Mwenye kununua amekimbilia mahakamani, mwenye kuuza amekimbilia Ureno."

Jino akaweka kikombe chini. Huyu ni Thelma Ollerenshaw, daktari wa meno mstaafu, aliyejijengea gari lake la faiba kwa mikono yake, na kila ufa uliotokea akauziba kwa dawa ileile aliyokuwa akizibia meno ya watu. Anadai haujafunguka hata mmoja.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wataalamu walilishika?"

"Walilishika."

"Wakalinusa, wakalipiga picha, wakaliwekea na vitambaa vyeupe?"

"Wakaliwekea."

"Na hawakujua. Basi tofauti iko wapi?"

"Tofauti iko rohoni!" Gia akajipiga kifua, chai ikamwagikia koti.

"Roho ya bati. Kha! Wewe kioo chako cha pembeni kimoja tu ndicho cha kweli kwenye lile gari lako, na bado hukitazami."

Wakacheka. Kwenye ncha ya benchi, karibu na dirisha la kibanda, Kutu naye akacheka, lakini chini kwa chini, kwa sababu leo roho yake haikuwa hapo. Kutu jina lake Royston Bagshaw, mwalimu mstaafu wa jiografia, na jina la kijiweni alilipata kwa kuwa kila gari alilowahi kumiliki liliondoka kwa kutoboka sakafu. Yeye peke yake pale hakuwa na gari la kuonyesha. Alikuwa kwenye kuchagua fundi wa kumjengea Kestrel yake ya kuiga. Alikuwa kwenye kuchagua kwa muda mrefu kiasi kwamba katika mafundi aliokuwa akiwachagua, mmoja alishahamia Hispania, mwingine akawa mchungaji, na wa tatu wakamzika, Kutu akaenda mazishini na bado anauliza wajane wa watu habari za rangi.

Sasa walibaki wawili, na wote wawili walitaka jibu leo kabla ya saa sita mchana.

"Mimi," akasema Kutu, akikohoa kidogo, "leo naamua."

Kijiwe kizima kikapiga kelele kama kimeona goli.

"Thubutu!"

"Wewe? Uamue?"

Glenys akatoa kichwa dirishani, kisu cha siagi mkononi. "Royston, wewe unachagua fundi tangu mimi niko mwembamba. Usinitanie, nina mafuta jikoni."

"Nimesema leo. Kabla ya saa sita. Mzee Thripp anafunga orodha, anachukua oda ya mwisho, halafu anatundika nyundo. Na yule binti wa Stoke, Danuta, ana nafasi moja ya kiangazi hiki, na kuna mtu wa Leeds anaipigia simu kila siku."

"Basi hakuna la kuamua hapo," akasema Gia, akasimama kabisa. "Thripp! Hakuna mwingine. Mzee anagonga alumini kwa mkono, juu ya mfuko wa mchanga, hana hata mashine. Anaitazama picha ya zamani, anafumba jicho, anagonga. Na upande wa kushoto anauzidisha upana wa kidole kimoja."

"Kwa nini auzidishe?" akauliza Kyuu.

"Kwa sababu ile ya asili ilikuwa imezidi! Yule aliyeijenga ya kwanza mwaka huo alikuwa mlevi."

"Kwa hiyo tunalipa hela ili mtu mwenye akili timamu agonge kama mlevi."

"Ndiyo! Huo ndio uaminifu!"

Kyuu akatikisa kilemba chake chekundu akicheka mpaka akaegemea nguzo. Huyu ni Gurdip Bhogal, wa Wolverhampton. Gari lake alilikusanya vipande vipande, hiki cha huku, kile cha kule, mpaka serikali ilipokuja kuuliza limezaliwa wapi na lini, hakuna aliyejua. Nao huko gari lisilojulikana asili yake hupewa namba inayoanza na herufi Q, na kila mpenda magari anayeiona anajua papo hapo kwamba huyu ni mtoto wa nje. Kuna wanaume wazima waliowahi kulia kwenye ofisi za usajili kwa ajili ya herufi hiyo. Gurdip yeye aliibandika, akaipiga polishi, akakubali na jina.

"Mwachie Thripp walevi wake," akasema Jino. "Kutu, mdogo wangu, nisikilize mimi. Danuta ndiye fundi. Bodi ya faiba, haishiki kutu, na wewe ndiye mtu unayehitaji hilo kuliko binadamu yeyote. Injini ya Kijapani, unawasha inawaka, kama redio. Milango inafunga. Tena kuna hita."

Gia akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hita! Kestrel yenye hita! Si aweke na mashine ya kufulia basi! Weka na pazia!"

"Kuna ubaya gani mtu kupata joto miguuni?"

"Wale wenyewe wa enzi hizo waliendesha wanaganda! Hicho ndicho kilichowafanya wawahi kufika! Na tena hiyo ya Danuta imenyooka mno. Mimi nimeiona. Kushoto na kulia sawasawa kama sanduku la sabuni. Ukiitazama unajua kabisa hii si ya kweli, imetengenezwa vizuri."

"Umesikia unachosema, Carlton?"

"Nimesikia, na narudia!"

Kutu alikuwa akimgeukia huyu na yule, na kwa kweli alikuwa anafurahi, kwa kuwa raha ya kuchagua anaijua yeye. Ukishanunua, basi, una gari tu, lina kelele na linavuja. Lakini ukiwa unachagua unayo yote mawili, la alumini asubuhi, la faiba jioni, na bado hujalipia bima. Miaka yote hiyo ameishi nayo hiyo raha, na kijiwe kimeishi nayo vilevile. Hata hao wanaompigia kelele aamue, akikaribia tu kuamua humvuta shati. Akisema Thripp, watamtajia miaka minne ya kungoja. Akisema Danuta, watamtajia yule mlevi na kidole chake.

Ila Jumanne ilikuwa imeharibu kila kitu. Jumanne daktari wa macho alimwonyesha picha ya nyuma ya jicho lake la kushoto, akamwonyesha na doa lililokaa katikati kama tone la chai kwenye kitambaa cha meza, akamwambia la kulia nalo limeanza. Kwa sasa bado anaruhusiwa kuendesha. Mwaka huu, labda na ujao, huo wa tatu asiuwekee dhamana. Kutu, mwalimu wa jiografia, akauliza swali la kijinga kuliko yote: kama akila karoti yatapona. Nyumbani alimwambia Hilary, mkewe, na Hilary akasema, "Basi linunue hilo gari, Royston. Nimechoka kuolewa na michoro."

Hapo kijiweni hakuwa amemwambia mtu.

"Swali ni moja tu," Gia akaendelea, sasa ameshusha sauti, maana hapa anaingia kwenye dini. "Umeingia kituo cha mafuta. Umeshika bomba. Anakuja jamaa na mtoto wake, anakuuliza, 'La kweli hilo?' Utamjibu nini?"

Hilo swali watu hawa wanaliogopa kuliko kaburi. Kuna anayejaza mafuta kwenye madumu nyumbani ili asiulizwe.

"Mimi namwambia namba imeshajibu," akasema Kyuu.

"Mimi namwambia na meno yangu ya mbele si ya kweli, na nyama natafuna," akasema Jino.

"Mimi namwambia kuna sehemu zake za kweli," akasema Gia.

"Kioo," akakumbusha Jino.

"Kioo ni sehemu!"

"Na jamaa akitaka kujua sehemu nyingine?"

"Nakuwa nimeshaondoka. Ndiyo maana naacha injini inanguruma." Hata mwenyewe akacheka. "Jamani, tazameni tulivyo. Gari la bandia, kofia ya mbio ya duka la mitumba, na ukifika mlima wa Buxton unapitwa na basi la wazee. Mimi juzi limenipita, bibi mmoja akanipungia mkono."

"Alikuwa anakuonea huruma."

"Najua! Nikampungia!"

Glenys akasukuma sahani ya mikate ya nyama ya nguruwe nje ya dirisha, na chupa ya sosi ya kahawia. "Kuleni. Royston, saa tano na nusu hiyo. Pengine hata mimi nitaanza kupata wateja wanaojua wanachotaka."

Kutu akachomoa simu mfukoni. Akainyoosha mbele ya uso, akaivuta, akaigeuza, kisha akageuza kichwa yeye mwenyewe, akaanza kuitazama kwa upande.

"Mbona unaitazama simu kama kuku anayetazama punje?" akauliza Kyuu.

"Maandishi madogo."

"Vaa miwani."

"Nimevaa."

Kyuu alikuwa anataka kutania tena, mdomo ulishafunguka, akaufunga. Jino akamtazama Kutu kwa yale macho ya daktari, maana hata kama ni wa meno, daktari ni daktari.

"Royston," akasema. Hapo kijiweni kuitwa jina lako la kweli si dalili njema. "Tangu lini?"

Kutu akaweka simu juu ya goti. Alitaka kusema ni baridi, ni mvua, ni betri. Akachoka.

"Hili la kushoto katikati limeingia ukungu. La kulia liko njiani. Daktari amesema naendesha mwaka, pengine miwili. Halafu narudisha leseni." Akajaribu kutabasamu. "Thripp anasema ningoje miaka minne. Kwa hiyo atanijengea Kestrel safi kabisa ya kupapasa."

Mvua ilikuwa inagonga bati la kibanda, na lori likapita barabarani na maji yake. Gia alilikunja gazeti mara mbili, mara tatu, akalikalia. Uchungu ulimpanda wazi usoni, mtu mkubwa kama yule, midomo inamcheza.

Kyuu ndiye aliyejaribu kuinyanyua hali.

"Hebu subiri. Kwa hiyo miaka yote hii ulivyokuwa unalisifu gari langu, ulikuwa hulioni vizuri?"

Kutu akapasuka kicheko. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, na machozi kidogo yakiwa ndani yake, na wenzake wakamfuata kwa kushukuru.

"Gurdip, bwana! Nilikuwa naliona vizuri sana. Nilikuwa nadanganya."

"Nilijua! Hakuna mwenye macho angelisifu lile!"

"Mpigie yule binti," akasema Gia.

Wote wakamgeukia.

"Nani?" Jino akauliza. "Danuta? Wewe? Na hita yake?"

"Nimesema mpigie!" Gia alikuwa anafoka, lakini kufoka kwa mtu anayeficha kitu. "Kidole kimoja kitu gani? Nani anapima? Kestrel nzuri ni ile mtu amekaa ndani. Miaka yote hii nimekuvuta shati, Kutu, nimekupotezea wakati, kwa sababu ya maneno tu. Nilikuwa nataka tuwe na la kubishania. Mpe simu huyo Kyuu ampigie, kabla sijapiga mwenyewe."

"Usijibebeshe lawama peke yako," akasema Jino. "Na mimi kila alipomkaribia Danuta nilimtajia sauti ya ile alumini. Nilikuwa naogopa tutabaki na habari za magoti yanayouma."

Kyuu akachukua simu, akatafuta jina, akaweka spika, akaishika katikati yao. Ikaita. Ikapokewa na kelele za msasa, kisha msasa ukazima.

"Danuta hapa."

"Ni Bagshaw. Royston Bagshaw."

"Mzee Bagshaw!" Sauti ikacheka. "Leo unataka kuuliza nini? Tulishamaliza taa, tulishamaliza vitasa. Nilidhani tumemaliza maswali yote duniani."

"Leo siulizi. Naichukua."

Upande wa pili Danuta akarudia polepole.

"Unaichukua?"

"Naichukua nafasi ya kiangazi. Mwambie mtu wa Leeds pole."

"Mama yangu! Subiri, subiri nikae." Wakasikia kiti kikiburutwa, na mtu mwingine ndani ya karakana akiuliza kuna nini, naye akimjibu, "Bagshaw ameamua!" Na huko nako wakapiga kelele. Kutu akainamisha kichwa, masikio mekundu. Hakujua kwamba hata Stoke alikuwa kichekesho.

"Haya," akasema Danuta. "Kama ni kweli, nianze leo, maana usije ukabadilika. Nahitaji vipimo vya dereva. Unajua kiti cha Kestrel hakisogei mbele wala nyuma, nakifunga bolti moja kwa moja sakafuni, na pedali nazipanga kwa mguu wa mtu mmoja tu. Nikishafunga, ni huyo huyo. Nipe urefu wa mguu kutoka kwenye nyonga hadi kisigino, na namba ya kiatu."

"Urefu wa mguu," akasema Kutu.

Alikuwa navyo vipimo hivyo kichwani tangu enzi ya yule fundi aliyehamia Hispania. Usiku asipopata usingizi huvihesabu, yeye ndani ya kile kiti, mguu umenyooka, mti huu, mti ule, kona. Akafungua mdomo avitaje. Havikutoka. Alitazama barabarani, na pale katikati ya barabara palikuwa na lile doa, na pembeni ya doa kila kitu kilikuwa safi kabisa: ukuta wa mawe, kondoo, majani.

"Mzee? Bado uko?"

"Niko. Andika. Mguu mfupi. Nitakupimia kesho nikuambie kamili, lakini mfupi, unanifika hapa mimi." Akaonyesha kwa mkono, kana kwamba Danuta anamwona. "Kiatu namba nne."

Gia akaruka. "Namba nne? Namba nne ya nani? Wewe unavaa mashua, si viatu!"

"Ya Hilary."

"Shemeji?" Kyuu nusura aangushe simu. "Unampa shemeji usukani? Wewe uliyemkataza kugusa hata honi?"

"Wewe uliyemwambia klachi ni kitu cha kiroho?" akaongeza Jino.

"Mimi huyohuyo." Sauti ilikuwa inamtetemeka Kutu, lakini aliiendesha mpaka mwisho. "Nikikifunga kwa mguu wangu, Krismasi ya pili lile gari ni banda la kuku, na hakuna mtu mwingine anayefika kwenye pedali. Nikikifunga kwa wake, linatembea. Tutatembea nalo. Nimemfanya mtoto wa watu angoje nusu ya maisha yake, halafu nimletee gari asiloweza kuliendesha? Ningekuwa punguani."

"Amekubali?" Glenys akauliza dirishani, kitambaa puani.

"Hajui. Namwambia nikifika."

"Atalia."

"Hilary? Thubutu. Atauliza kama hita ipo."

"Ipo!" akapaza Danuta kwenye simu, na ilisikika wazi kwamba na yeye anajipangusa. Akavuta makamasi, akarudi kazini. "Haya, dereva nimemwandika. Sasa kiti cha abiria. Abiria yukoje?"

Wote wakamtazama Kutu kuanzia kofia hadi viatu. Hata yeye akajitazama, tumbo limekaa mapajani, nusu ya mkate mkononi, sosi kwenye kola.

"Mpana," akasema. "Mrefu, mpana, na mjuaji. Atamfundisha dereva kila kona. Mwekee kitu cha kushikilia, kigumu, kile cha kung'ang'ania kwa mikono miwili. Na kama unaweza, binti yangu, mwekee injini yenye kelele, dereva asimsikie."